Alisema Kwamba Alikuwa Anakupenda

Mama alikuwa na watoto wawili, na hakuwahi kujisumbua kuficha ni yupi anayempenda. Wa kiume, aliyekuwa akiishi ng'ambo, alimwita Nguzo. Wa kike, aliyelala chumba cha pili na kumwogesha kila asubuhi, alimwita "wewe". Majirani walimwita Ticha kwa sababu alifundisha Kiingereza sekondari, na alikuwa ameshalizoea jina hilo kiasi kwamba mtu akimwita kwa lake la kuzaliwa, aligeuka kutazama nyuma.

Nguzo aliondoka angali kijana, akapata kazi ya kutengeneza lifti, akaoa hukohuko mwanamke asiyejua hata kusalimia kwa Kiswahili. Kila Jumamosi alipiga simu. Mama aliivalia simu hiyo: anajipaka mafuta, anafunga kitambaa kizuri kichwani, anakaa wima kitandani kama mtu anayengoja kupigwa picha. Akiongea na Nguzo alikuwa mtu mwingine kabisa. Anacheka, anadeka, sauti inakuwa nyembamba kama ya msichana. Simu ikikatika tu, sura inarudi ilikotoka.

"Wewe, uji uko wapi? Au ningoje mpaka mwanangu arudi anipikie?"

Ticha naye angeweza kuwa na nyumba yake. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kuja na kaka yake, wamevaa mashati ya kunyooshwa, kuzungumza mambo ya ndoa. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchukueni tu. Ila mjue anakoroma, na akikasirika hanyamazi hadi muugue." Yule kaka alicheka mpaka soda ikampalia. Mwalimu wa hesabu hakucheka, lakini hakurudi. Waliendelea kufundisha shule moja, wakikutana kwenye korido na kusalimiana kama watu waliowahi kugongana kwa bahati mbaya.

Halafu Nguzo akapata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka yamesagika. Jumamosi ya kwanza baada ya kutoka hospitali alijaribu mwenyewe kuongea na mama. Mama alisikiliza ule mngurumo kidogo, akaitupa simu kitandani kama kaa la moto.

"Huyo siye! Nani huyo mlevi? Usinisikilizishe tena hiyo sauti."

Ikabidi mke wa Nguzo ndiye awe anapiga. Yeye alikuwa naye mchana kutwa, alishaizoea ile sauti, na Nguzo akikoroga maneno ya Kiingereza aliyaelewa. Wifi anaeleza mumewe kasema nini, Ticha anapokea, anamtafsiria mama. Mwanzoni alitafsiri vizuri. Kazi ni kazi.

Sasa shuleni kulikuwa na darasa moja la mchana ambalo kila mwalimu alilikwepa, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya msichana mmoja aliyekaa dirishani, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi. Siku hiyo Ticha aliandika ubaoni sentensi mbili. Juu, "I love her." Chini yake, "He said that he loved her."

"Kiingereza kina tabia ya kuburuza," aliwaambia. "Kitenzi cha mbele kikiwa cha wakati uliopita, said, told, thought, basi na kile kinachokuja baada ya that kinaburuzwa nyuma. Love inakuwa loved. Is inakuwa was. Sisi hatuna mambo hayo. Sisi tunasema, alisema kwamba anampenda. Maneno ya mtu tunayaacha vilevile alivyoyatoa mdomoni."

Redio akanyoosha kidole na kuanza kusema kabla hajaruhusiwa. "Kwa hiyo, Ticha, huyo jamaa bado anampenda au ndo basi tena?"

Darasa zima likacheka.

"Sentensi yenyewe haisemi," Ticha alijibu. "Huenda anampenda mpaka leo. Hiyo loved imeifuata said tu, kama tela linavyofuata trekta. Kama mapenzi yalishakwisha kabla hajafungua mdomo, hapo kwa kawaida ungesikia had loved."

"Na mimi nikitafsiri neno kwa neno? Nikaandika, alisema kwamba alikuwa anampenda?"

"Utakuwa umewaachanisha watu wasiogombana," Ticha alisema. "Nitakukata maksi zote."

Wakacheka tena, na yeye akacheka kidogo. Alipenda somo hilo. Lilikuwa mahali pekee ambapo watu walimsikiliza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Asubuhi alimlisha mama uji, mama akakikataa kijiko cha tatu, akautema uji kwenye gauni la Ticha. Halafu akamtazama akijipangusa, kwa yale macho yake yenye ukungu, akasema taratibu, bila hasira yoyote, kama mtu anayewaza kwa sauti:

"Kiharusi kile kilipotea njia. Kilikuwa kinatafuta mtu asiye na faida kwa yeyote, kikakosea nyumba, kikaenda kwa Nguzo."

Ticha alibadilisha nguo. Alikwenda kulowesha gauni. Alikuwa bado ameinamia beseni simu ilipolia, akaja nayo chumbani mikono ikichuruzika maji, akaweka spika.

"He said that he loved you, Mama," wifi alisema, kwa ile sauti yake ya uchovu na upole. "He said that he wanted to come home."

Mama akamdaka Ticha mkono. "Nimesikia lavu! Amesema lavu, hilo nalijua! Anasemaje mwanangu?"

Ticha alijua cha kusema. Angeweza kukisema usingizini. Anakupenda, na anataka kuja nyumbani. Alifungua mdomo akiwa na nia hiyohiyo.

"Mkewe anasema, Nguzo alisema kwamba alikuwa anakupenda," alisema. "Na kwamba alikuwa anataka kuja nyumbani."

Vidole vya mama vikalegea mkononi mwake.

"Alikuwa?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na sasa?"

"Mama, mimi natafsiri tu. Siwezi kuongeza la kwangu."

Hata neno moja halikuwa la uongo, ukilichukua peke yake. Ticha alirudi kwenye beseni, akasugua gauni mpaka maji yakawa meupe, na alihisi kifuani kitu kitamu, kitamu cha aibu, kama mtoto aliyeiba sukari.

Angeweza kuishia hapo. Mtu akilipiza mara moja, roho hutulia, baadaye hujuta na kurekebisha. Lakini Jumamosi iliyofuata wifi alipiga tena, na tena kila jambo lilikuja limefungashwa vilevile, kwa sababu ndivyo watu wa lugha ile wanavyosema kila siku bila kufikiri. Aliniambia asubuhi, alisema jana, alisema leo. Yote yakaburuzwa nyuma. Alisema kwamba ulikuwa kila kitu kwake. Alisema kwamba alikuwa anakuwaza. Alisema kwamba alikuwa na mama mmoja tu duniani.

"Lakini nasikia lavu," mama alilalamika siku moja. "Masikio yangu mazima. Nasikia mwenyewe."

Ticha akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza kwa subira, kama anavyowaelezea watoto wa darasani.

"Sikiliza mwishoni mwake, mama. Siyo lavu. Ni lavd. Iko d pale. Hiyo d ndiyo ya zamani. Mtu akisema lavu, ni leo. Akitia d, ni ya zamani."

"D," mama alirudia.

"Sikiliza vizuri wiki ijayo."

Na wiki iliyofuata mama alijikunja juu ya simu, sikio limegandamizwa kwenye spika, anaitafuta ile d. Akaisikia. Ticha aliona ilipomfikia: uso ulijikunyata kama jani lililowekwa juu ya jiko. Hakulia. Alirudi kuegemea mto na kumwambia Ticha azime.

Tangu hapo mama aliacha kujipaka mafuta siku ya Jumamosi. Kitambaa kizuri kikabaki msumarini. Jirani wa ukuta wa pili, fundi cherehani ambaye alikuwa akipita kila siku kumjulia hali, alimvuta Ticha uani.

"Mwalimu, mama yako anakwisha. Ni nini?"

"Ni mwanawe," Ticha alisema. "Maneno anayotumiwa kutoka huko."

"Maneno gani ya kumkausha mtu hivi?"

"Mimi ndiye ninayeyapitisha, dada. Nifanyeje?"

Fundi akamshika bega, akamwonea huruma. Huruma ile Ticha aliipokea yote.

Ukweli ni kwamba alikuwa na hesabu yake. Alidhani Nguzo akiondoka moyoni mwa mama, patabaki nafasi, na mama atageuza macho chumbani kutafuta wa kuijaza, na atakayemkuta ni yeye. Akaanza kupika kwa bidii mpya. Akamnunulia mama shuka laini. Jioni akakaa naye, akimkanda miguu ambayo ilikuwa imevimba, akimsimulia vituko vya shuleni, vya Redio na wenzake. Mama alinyamaza tu. Ticha aliuchukulia ukimya ule kuwa ni upole.

"Sasa sina mtoto," mama alisema jioni moja, macho darini.

Mikono ya Ticha ikasimama juu ya ile miguu. "Mama, mimi nipo."

"Nimesema mtoto," mama alisema. "Sikusema mtu wa kufua."

Ticha akamaliza kukanda mguu uliobaki. Akaufunika. Kuanzia siku ile hakutafuta tena nafasi yoyote. Alitafsiri kwa roho safi ya ukatili, hakuacha d hata moja, na pale wifi aliposahau na kusema jambo kwa wakati uliopo, alimsaidia kulirudisha nyuma.

Ikafika Jumamosi moja ambapo mama hakungoja kuambiwa. Simu ilipolia alijiinua mwenyewe kwa viwiko.

"Leo mimi ndiye ninayesema. Mwambie huyo mwanamke amwambie mumewe. Nilikuwa na mtoto wa kiume. Basi. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

"Mama, una hakika?"

"Nilikuwa na mtoto wa kiume! Umekuwa kiziwi?"

Ticha akaishika simu. Kwa Kiingereza, ili lisikike kuwa limekwisha, neno hilo lilihitaji kusukumwa mbali zaidi: had had, na hata hapo ungelazimika kueleza. Alikuwa amelifundisha hilo kwa miaka. Akasema:

"She said that she had a son."

Kule upande wa pili wifi akaanza kulia, na kati ya kilio chake Ticha alimsikia akilirudia neno lile kwa mtu aliyekuwa karibu, na ule mngurumo wa Nguzo ukapanda, ukakatika, ukapanda tena. Maana mtu wa lugha ile akisikia hivyo anasikia jambo moja tu: mama kasema, ninaye mtoto wa kiume.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Analia," Ticha alisema.

"Vizuri. Na yeye yamfike."

Kwa nini hakuiweka ile had ya pili, Ticha hakupata kujua. Kuna wakati alijiambia alimwonea huruma kaka yake. Kuna wakati alijijua kuwa alinogewa tu, kuwashika wote wawili kwenye ulimi mmoja, huyu akitukana na yule akibarikiwa kwa pumzi ileile.

Nguzo alikufa msimu wa mvua ulipokuwa unaanza. Majirani walipokuja kumpa mama pole, viatu vyao vimejaa tope, aliwaambia, "Pole mpelekeeni mjane. Aliyekufa ni mume wa mtu." Wakatoka wakinong'ona kwamba bi mkubwa kachanganyikiwa kwa majonzi. Ticha alilia jikoni, peke yake, akimlilia kaka aliyewahi kumfundisha kuendesha baiskeli na kumshikilia kiti muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Miezi ikapita. Halafu wifi akapiga kusema anakuja.

Alikuwa mwanamke mrefu, mvi zake zimekatwa fupi, mkoba mmoja tu mkononi. Alimkumbatia Ticha mlangoni kwa nguvu, akamshukuru kwa Kiingereza kwa kila kitu, kwa Jumamosi zote zile. Ticha akamwongoza chumbani, akavuta kiti chake akakiweka katikati, baina ya mgeni na kitanda, mahali pa mkalimani. Wifi alimwekea mkono begani, akamsogeza kando kwa adabu.

"Mimi kusema," alisema kwa Kiswahili. "Mimi nimejifunza. Kidogo."

Ticha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama," wifi alisema, amepiga magoti sakafuni. "Yeye anakupenda. Kila siku anasema."

"Nani?" mama aliuliza.

"Mume wangu. Mtoto wako. Asubuhi mimi naosha yeye, anasema nampenda mama. Jioni anasema nataka kwenda nyumbani kwa mama."

"Anasema, au alikuwa anasema zamani?"

Wifi akakunja uso, akitafuta njia kwenye lugha iliyokuwa bado ngeni kwake. "Siyo zamani. Pole, mimi nasema vibaya. Alisema hivi." Akaweka mkono kifuani, akaigiza ule mdomo uliopinda, na kutoka katika mdomo ule yakatoka maneno mawili yaliyosagika ambayo mtu yeyote angeyatambua. "Nampenda mama. Hivyo. Siku ya mwisho, vilevile. Nampenda mama."

Mama alimtegea sikio.

"Na wewe ulisema una mtoto," wifi aliendelea, machozi yanamtoka na bado anatabasamu. "Kwa simu. Yeye alifurahi sana! Alilia, alicheka. Alisema weka simu hapa, juu ya kifua."

Mama akageuza kichwa polepole, mpaka yale macho yenye ukungu yakafika pale Ticha aliposimama, mgongo ukutani.

"Wewe. Siku ile mimi nilisema nini?"

"Ulisema ulikuwa na mtoto."

"Na yeye alisikia nini?"

"Alisikia unaye."

"Na zile Jumamosi nyingine?"

"Mama, Kiingereza ndivyo kilivyo, kitenzi kikishakuwa..."

"Nyamaza."

Alisema kwa sauti ndogo. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, akaushika uso wa mkwewe, akaupapasa kuanzia paji mpaka kidevu, kama kipofu anayetafuta mtu mwingine ndani ya uso ule. Wifi akalaza kichwa mapajani mwake. Mama akalia, mara ya kwanza tangu msiba, kilio kikubwa kibaya kilichomfanya fundi cherehani aache mashine yake na kuja mbio.

Wifi alikaa nao siku kadhaa. Yeye ndiye aliyemwogesha mama, akamlisha, akamsikiliza. Hakuelewa kilichotokea, na hakuna aliyemweleza. Alipoondoka, alimkumbatia Ticha tena mlangoni na kumwambia kwamba mumewe alisema dada yake ni mtu mwema. Alilisema kwa Kiingereza, kwa hiyo lile "ni" lilitoka was.

Asubuhi iliyofuata Ticha alipeleka uji. Mama alifunga mdomo. Kijiko kilimgonga meno, uji ukamtiririka kidevuni, naye akatazama dari. Mchana vilevile. Siku ya pili ilibidi amwite fundi, na kwa mkono wa fundi mama alikula bakuli zima. Tangu hapo ikawa ndio utaratibu: Ticha anapika, anaacha bakuli kizingitini, fundi anaingia nalo. Maji ya kuoga vilevile. Nguo vilevile. Mama hakumwambia mtu sababu. Majirani walimsifu Ticha mbele yake, kwamba binti gani siku hizi angemlea mama namna hii, na mama aliwaacha wasifu, hakusema ndiyo wala hapana. Ticha alitamani amseme. Alitamani atukanwe, aitwe "wewe". Hata hilo aliliona sasa kuwa lilikuwa jina.

Na mama hakufa. Aliyekuwa anakwisha alinenepa. Mafuta alipaka kila siku, kitambaa kizuri akafunga, na akamsimulia fundi habari za Nguzo wake, anavyompenda, anavyotaka kuja nyumbani, miaka mingine mingi.

Katika mmojawapo wa miaka hiyo, Ticha alivuka kizingiti. Fundi alikuwa analisha, kijiko hewani. Ticha akapiga magoti pale pale mlangoni, mtu mzima na mvi zake, akasema, "Mama, nisamehe."

Mama alimeza kilichokuwa mdomoni. Akageuza sikio.

"Kuna mtu mlangoni?"

"Ni mwanao, bibi," fundi alisema. "Mwalimu."

"Mwambie leo hatununui kitu."

Fundi akacheka, akijua bi mkubwa na utani wake. Ticha akainuka, akajipangusa magoti, akaenda jikoni kutazama kama wali umeiva.